Sauti ya Barabarani ni ya Nani?

Katika mwaka 2011, mjini Montréal katika nchi ya Kanada, palitundikwa bembea 21 kando ya njia ya watu wote, karibu na majumba ya muziki na majengo ya chuo kikuu. Mtu akiketi juu ya bembea na kujisukuma, bembea yalia: hutoa nota za muziki kwa kadiri ya mwendo wake. Mwenzake akiketi kando, na wakapatana katika mwendo, kwenda pamoja na kurudi pamoja, hapo wasikia wimbo ambao mmoja peke yake hawezi kuupata hata akijisukuma mpaka jioni. Walioitengeneza kazi hiyo ni mafundi wa kundi liitwalo Daily tous les jours, lililoanzishwa na akina mama wawili, Mouna Andraos na Melissa Mongiat. Walitafuta shauri kwa bwana Luc-Alain Giraldeau, mtaalamu wa tabia za wanyama, ili wajifunze kwake namna gani viumbe hushirikiana, na kwa sababu gani wengine hukaa wakingoja kula jasho la wenzao.

Pengine ndugu msomaji atasema: Hiyo ni michezo ya watu walioshiba, sisi twatafuta maji safi na njia zinazopitika, bembea zinazoimba zatufaa nini? Twamwomba avumilie. Chini ya mchezo huo limelala swali lisilomwacha mtu yeyote akaaye pamoja na wenzake, awe Montréal, awe Bukavu au Lubumbashi: mtu ana haki gani ya kuweka sauti mahali pa watu wote? Nani apaza, na nani alazimika kusikia? Swali hilo twalijua sana, maana katika mitaa yetu baa hufungulia muziki upande huu, chumba cha sala hufungulia vipaza sauti upande ule, na mgonjwa aliye katikati hupata usingizi kunapopambazuka.

Kazi za namna ile huitwa sanaa ya sauti. Si tamasha. Katika tamasha mtu hulipa kiingilio, huketi, husikiliza, hupiga makofi, akarudi kwake. Hapa hakuna mlango wala kiti wala saa ya kuanza. Fundi hutwaa mahali penyewe, ngazi, daraja, stesheni, ukingo wa maji, akapatia mahali pale sauti. Naye mpita-njia, kwa hatua yake au kwa mkono wake au kwa uzito wa mwili wake, ndiye afanyaye sauti ije. Mpiga muziki ni nani basi, fundi au mpita-njia? Wakongo hawatashangaa sana kwa neno hili. Wimbo wetu tangu zamani una mwanzishaji na waitikiaji, na wimbo usioitikiwa ni kilio cha mtu mmoja. Kuitikia si kitu kipya kwetu. Kilicho kipya ni kwamba mwanzishaji ameondoka, ameacha mashine mahali pake.

Mmoja wa waliotangulia katika njia hii ni Max Neuhaus, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1939. Alikuwa mpiga ngoma hodari, mwenye jina katika kumbi za muziki. Lakini karibu na mwaka 1968 aliziacha kumbi hizo akaelekea barabarani. Mwaka 1967, mjini Buffalo, alikuwa amekwisha kuweka mitambo midogo ya redio kando ya barabara, hata mwenye motokari aliyepita na redio yake wazi alisikia muziki uliojengwa na mwendo wake mwenyewe na upande aliotokea. Na mwaka 1977 aliweka kazi yake ijulikanayo kuliko zote, mjini New York, katika Times Square, chini ya kimia cha chuma kinachotoa hewa ya gari la moshi la chini ya ardhi. Sauti yatoka shimoni, nzito, isiyokatika, kama mvumo unaobaki baada ya kengele kubwa kupigwa. Hakuweka kibao. Hakuandika jina lake. Watu wengi mno hukanyaga kimia kile bila kujua lolote, wakidhani ni mashine za chini. Na mmoja mmoja husimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeitwa.

Twapenda adabu ya kazi hiyo. Katika mahali ambapo kila taa na kila ubao hupiga kelele ili utazamwe, yeye aliweka kitu ambacho mtu ana ruhusa kamili ya kutokisikia.

Mambo hayo ya ruhusa yalimsumbua mwenye hekima mmoja zamani, Immanuel Kant, Mjerumani wa mji wa Königsberg. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 alisema kwamba muziki una upungufu wa adabu, kwa sababu hueneza nguvu zake mbali kuliko inavyotakiwa, mpaka kwa majirani wasioutaka. Aliufananisha na mtu atoaye mfukoni leso yenye manukato: wote walio karibu hulazimika kunusa, wapende wasipende. Mwenye kutazama picha akichoka hugeuza macho. Mwenye kusikia afanye nini? Mzee huyu hakusema kwa kubuni tu. Miaka sita kabla, mwaka 1784, alikuwa amemwandikia mkubwa wa mji akilalamika juu ya wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake, waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti kuu, yeye akashindwa kufikiri. Tusimcheke upesi. Wale waliimba nyimbo takatifu, na hata hivyo walikuwa wakimtwalia jirani yao kitu kilicho chake. Utakatifu wa maneno haukupunguza uzito wa makelele.

Lakini Kant alikuwa chumbani mwake, na njia kuu si chumba. Anayetoka nyumbani amekubali kukutana na wengine, na wengine wana vinywa. Tukidai kila mtu akubali kwanza, kengele ya parokia haitalia kamwe, wala mtoto hatacheza, wala muuza mkate hatatangaza mkate wake. Kwa hiyo idhini ya kila mtu haiwezi kuwa kipimo. Hapo wengine huruka wakasema: Basi, barabara imejaa kelele tayari, malori hayamwombi mtu ruhusa, sauti moja nzuri ikiongezwa itadhuru nini? Neno hili twaliona dhaifu. Lori lapiga kelele kwa sababu labeba unga, na kama lingaliweza kubeba unga kimya, tungalilipenda zaidi. Kelele yake ni kama moshi wa jiko. Bali sauti ya fundi ndiyo chakula chenyewe. Imewekwa pale kwa kusudi, ili isikiwe. Anayekuletea kitu kwa kusudi ana deni kwako kuliko yule anayekugusa kwa bahati akipita na mzigo wake.

Ndiyo sababu twasifu kazi zinazongoja. Bembea za Montréal hunyamaza mtu asipoketi. Vivyo hivyo kazi ya Christopher Janney iliyowekwa mwaka 1996 katika stesheni ya 34th Street mjini New York. Juu ya vichwa vya watu wangojao gari ulitundikwa mhimili wa kijani wenye matundu, na ndani yake vitambuzi, yaani vyombo vidogo vinavyohisi kitu kikipita mbele yake. Mtu akiinua mkono kufikia tundu, yatoka sauti ya filimbi, au ya marimba, au ya mwituni. Ng'ambo ya reli upo mhimili mwingine. Basi wa upande huu huinua mkono, wa upande ule hujibu, watu wawili wasiojuana wala hawatakutana tena, wakasemezana kwa nota mpaka gari liingie kati yao.

Je, huo ni ujirani? Tuseme kweli. Watu wawili waliojisukuma pamoja katika bembea kwa dakika tatu hawajawa ndugu. Hakuna aliyembebea mwenzake mzigo, wala aliyemtazama mgonjwa wake. Tena mtu mkali ataongeza: mashine yawalipa wimbo ili wapatane, na wema unaolipwa si wema. Katika neno la kwanza twakubali. Katika la pili, hapana. Mshahara ni kitu kingine mbali na kazi: mtu hulima, hupewa fedha, na fedha si shamba. Lakini wimbo wa bembea zile haukuja baada ya kupatana kama malipo. Ndio kupatana kwenyewe, kumefanywa kusikike. Wanakwaya walilijua jambo hilo siku nyingi. Mlingano wa sauti nne si zawadi wanayopewa kwa kuwa wamesikilizana. Wakisikilizana upo, wakiachana haupo. Na mtu mzima aliyesahau kwamba kando yake yupo mwingine, akikumbushwa na bembea, hajapata bado upendo wa jirani, lakini amegeuza kichwa. Twajua vema kwamba kuhani na Mlawi nao walimwona yule aliyeanguka katika wanyang'anyi, kisha wakapita. Kuona hakutoshi. Walakini Msamaria naye alianza kwa kuona.

Sasa lipo jambo ambalo wenye kusifu kazi hizi hulisahau, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Sauti ingojayo haimlazimishi mpita-njia: hilo ni kweli. Huketi akitaka, huondoka akitaka. Lakini mahali pa watu wote hapana wapita-njia peke yao. Pana wakaao. Pana mama auzaye ndizi na karanga, aliyetandaza meza yake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pana mlinzi wa benki, pana mfagiaji, mshona viatu, mbadili fedha, na mtu wa ghorofa ya kwanza ambaye dirisha lake laangalia njia. Mpita-njia husikia nota ile mara moja, akacheka, akaenda zake na furaha. Mama wa ndizi huisikia mara mia kabla ya mchana, na kila mara husikia pia kicheko kile kile. Yeye hakuketi juu ya bembea. Hakuna aliyemwuliza neno. Kuhama hawezi, maana wateja wake wamezoea kumkuta pale. Hivyo hiari ya mmoja imekuwa sheria juu ya mwingine.

Tena si kwamba sauti ni mbaya. Yaweza kuwa tamu kabisa. Utamu uliorudiwa pasipo kuombwa hugeuka; mwulize aliyewahi kukaa karibu na kijana anayejifunza gita kwa wimbo mmoja.

Watu wa serikali ya mji wakitaka kujua kama kazi imefaa, huwauliza wapita-njia, kwa sababu ni wengi na wanacheka. Elfu watasema ni nzuri, watano watanung'unika, na watano watahesabiwa kuwa si kitu. Hesabu ya namna hii yatuonekea kuwa na kosa ndani yake. Raha imegawanywa kwa watu elfu, kidogo kidogo, kila mtu dakika moja. Uchovu umerundikwa juu ya watu watano, kila mmoja saa kumi. Ni haki hao watano waulizwe kwanza, na neno lao lipimwe kwa saa wanazokaa pale, si kwa wingi wa vichwa vyao.

Mtu ataleta shaka: Basi mzee mmoja mwenye hasira katika ghorofa ya kwanza aweza kuunyima mji mzima furaha? Hapana. Kuulizwa kwanza si kupewa neno la mwisho. Kwanza sauti ishushwe. Isipotosha, saa zipunguzwe. Isipotosha, chombo kisogezwe hatua hamsini. Mara nyingi hatua hamsini hutosha. Mzee akiendelea kulalamika baada ya hayo yote, tutamvumilia yeye na yeye atatuvumilia sisi, maana kukaa mjini ndivyo kulivyo. Lakini mambo hayo yafanywe kabla ya chuma kukazwa katika saruji. Baada ya siku ya sherehe na hotuba, hakuna mkubwa apendaye kusikia kwamba mama wa ndizi anaumwa kichwa.

Mwaka 2009, katika stesheni ya Odenplan mjini Stockholm, ngazi za kupandia zilivikwa vibao vyeupe na vyeusi kama kinanda, na kila hatua ililia nota yake. Kando yake ilikuwako ngazi ya umeme ipandishayo watu pasipo jasho. Wengi waliiacha, wakapanda kwa miguu wakirukaruka, wazee kwa watoto. Waliofanya kazi ile walitangaza kwamba waliochagua ngazi ya miguu waliongezeka kwa 66 kwa mia kuliko siku zote. Ni jambo la kupendeza. Kumbe lilikuwa tangazo la motokari za Volkswagen. Wapandao walipigwa filamu, na filamu ile ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani.

Hapa twasimama kidogo. Kwamba mtu alipanda kwa miguu, ni vema kwa moyo wake na kwa magoti yake. Kwamba alicheka, ni vema zaidi. Lakini yeye alidhani anacheza, na kumbe alikuwa akimfanyia kazi mwenye kiwanda pasipo kujua. Je, ameibiwa kitu? Fedha hakuibiwa. Twadhani ameibiwa jambo dogo ambalo ni gumu kulitaja: haki ya kujua mchezo ni wa nani. Kama ubao mdogo ungalisimama chini ya ngazi ukisema nani alijenga na kwa nini, hatungekuwa na neno. Neuhaus naye hakuweka kibao, na mtu atatushika hapo. Tofauti ni hii: yeye alificha jina lake na hakuna alichovuna kwa mpita-njia, hawa walificha jina lao mpaka wakati wa kuvuna.

Tena chombo kile kile kilichojengwa kwa kuita chaweza kugeuzwa kuwa cha kufukuza. Mwaka 2005 katika nchi ya Wales kilitokea kisanduku kitoacho sauti nyembamba mno, mitetemo kama 17,400 kwa sekunde moja. Watoto na vijana huisikia, nayo yawachoma masikio. Watu wazima wengi hawaisikii kabisa, kwa kuwa sikio la binadamu hupoteza sauti za juu kadiri ya miaka. Wenye maduka walikitundika mlangoni ili vijana wasisimame pale. Mwaka 2010 wabunge wa Baraza la Ulaya walitaka visanduku hivyo vikatazwe mahali pa watu wote. Na kabla ya hapo, mwaka 2003, katika stesheni ya Elm Park mjini London walipiga muziki wa orkestra kwa vipaza sauti, si kwa kuwaburudisha wasafiri tu, bali ili vijana waliokusanyika pale wachoke nao waondoke. Muziki ulioandikwa kwa kuinua mioyo ya watu umefanywa fimbo. Kisanduku kile ni kibaya kwa namna ambayo hata mtoto mdogo aielewa: chawaadhibu wote wa umri mmoja kabla hawajakosa, na mtu mzima asimamaye papo hapo hajui hata kwamba mtoto wake anapigwa.

Kwa hiyo fundi akija na michoro yake, haitoshi kumwuliza kama sauti yake ni nzuri. Aulizwe kazi ile yamwita nani, na nani ataondoka kwa sababu yake.

Wazee wetu hawakuwa na mashine, lakini sheria ya sauti ya mbali waliijua. Karibu na Kisangani, kando ya mto, Walokele walisemezana kwa ngoma ya gogo lililochongwa tundu, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari wa Kiprotestanti John Carrington aliyekaa Yakusu aliandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1949. Kwa kuwa maneno mengi yana mwendo mmoja wa juu na chini, mpigaji hakutaja neno tupu. Aliliongezea maneno mengine marefu ili lisichanganyike na jingine. Na watu walikuwa na majina yao ya ngoma, hata msikiaji aliyekuwa mbali mtoni alijua nani anaitwa na nani anaita. Twaona hapo kitu kikubwa. Sauti ilikwenda mbali sana, iliingia kwa kila mtu, lakini ilikuja na jina la mwenyewe, na aliyesikia aliweza kesho kumwendea na kumwuliza. Ndivyo ilivyo hata kengele ya misioni, iwe kengele kweli ya shaba, iwe chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa mwembeni. Yalia kwa saa zijulikanazo, yanyamaza, na anayeipiga ana jina na nyumba. Kipaza sauti cha leo chapaza usiku kucha, na ukienda asubuhi kuuliza, kila mtu akuambia mwenyewe amesafiri.

Tukirudi kwa fundi wetu: kazi yake ianze kwa masikio, nyundo ifuate baadaye. Mwalimu mmoja wa Kanada, R. Murray Schafer, aliyekufa mwaka 2021, aliwafundisha wanafunzi wake mjini Vancouver kusikiliza mji kama mtu asomavyo kitabu, na kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1977. Basi fundi aketi mahali pale bila chombo chochote, alfajiri, mchana, usiku, siku ya soko na siku ya Dominika, aandike yote yaliapo pale kabla yake. Huenda atagundua kwamba mahali pana sauti yao tayari, ndege katika mti mmoja, au maji ya mfereji, na kwamba kazi yake itaizika.

Kisha apime. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Zikiongezeka 10, sikio hudhani sauti imekuwa mara mbili. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili, sauti ya kipaza kidogo hupungua desibeli 6. Kwa hiyo vipaza vidogo vilivyo karibu na mchezaji, katika mguu wa bembea au chini ya ngazi, ni bora kuliko kipaza kimoja kikubwa mlingotini: anayecheza asikia vizuri, na mama wa ndizi hatua ishirini mbali asikia kidogo tu. Shirika la Afya la Dunia lilitoa shauri mwaka 2018 kwamba kelele za barabara, zikihesabiwa mchana na usiku pamoja, zisipite 53, na za usiku peke yake zisipite 45. Fundi asiye na haya hupima pale chomboni, akaandika kwamba yote ni sawa. Mwenye haki hupanda orofani, akapima katika dirisha la mzee.

Lipo jambo la wakati pia. Mtu akikanyaga na sauti ikachelewa, hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, moyo wake husita kuamini kwamba ni yeye aliyeifanya. Chombo kichelewacho ni mtu asiyejibu akiitwa, na furaha yote yaharibika. Tena nota isiwe ile ile siku zote. Zibadilike asubuhi na jioni, zipungue wachezaji wakizidi, zipumzike mchana, zizimwe usiku. Bubujiko lisilo na kikomo lamchosha hata aliyelipenda. Kiziwi naye ana haki mahali pale, kwa hiyo ubao utetemeke anapouwekea mkono. Mvua, vumbi, wizi wa nyaya, na watoto watano watakaoketi pale fundi alipokusudia mmoja: hayo kila fundi ayajua, hatuna haja ya kumfundisha.

Wengine watapenda kukwepa mashine zote. Kule Zadar, katika nchi ya Kroatia, mji uliovunjwa kwa mabomu katika vita ya pili ya dunia, ukingo wa bahari ulikuwa umejengwa upya kwa saruji tupu. Mwaka 2005 mjenzi Nikola Bašić aliweka pale ngazi za mawe ziteremkazo majini, urefu wake meta 70, na chini yake mabomba 35. Wimbi likiingia husukuma hewa, hewa hutoka kwa matundu ikilia kama kinanda cha kanisa kilichosahau wimbo wake. Mwaka 2006 kazi ile ilipewa tuzo la Ulaya kwa ajili ya mahali pa watu wote. Watu huketi juu ya mawe wakati jua linapozama, hawafanyi kitu. Bahari ilikuwa ikilia pale tangu kale. Mjenzi aliipatia koo tu. Lakini si kila mji una bahari, na kazi nyingi zitahitaji umeme na mtu wa kuzitunza.

Na kutunza ndiko kunakoshinda wengi. Hata ile sauti ya Times Square ilizimwa mwaka 1992, ikakaa kimya miaka kumi, ikawashwa tena mwaka 2002 kwa msaada wa shirika la Dia Art Foundation. Afadhali ilinyamaza. Kibaya ni chombo kilichoharibika nusu, kinachokoroma nota moja mchana kutwa, na kila ofisi yasema kazi hiyo ni ya ofisi nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la kwanza pawe na karatasi yenye kusema nani atakuja kikiharibika, katika siku ngapi, kwa fedha gani, na mwaka gani kitaondolewa kama hakuna akitakaye tena.

Pawe pia na ufunguo wa kisanduku cha umeme. Kwa desturi hukaa katika ofisi ya mji, kwa mtu ambaye Jumamosi hayupo. Sisi tungefanya funguo mbili. Mmoja ukae kwa fundi, na wa pili katika bakuli la fedha la mama wa ndizi, naye aelezwe vizuri namna ya kuzima na namna ya kuwasha. Atazima siku kichwa kinapomwuma, au maziko yanapopita njiani. Na watoto wakitoka shule saa sita, wakija kusimama mbele ya meza yake wakiomba, atafuta mikono yake, ataenda kuwasha.